Panya wa siku 14, panya wa miaka miwili: jaribio gani likuamulie kuhusu dawa ya magugu?

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupanga viuatilifu kwa madaraja ya hatari, na katika orodha yake parakwati na 2,4-D zimekaa daraja moja, la pili, ambalo maana yake ni hatari ya wastani. Ukiishia hapo utadhani kwamba kwa upande wa afya dawa hizi mbili za magugu ni ndugu. Sivyo hata kidogo. Funda moja la parakwati iliyokolea, ile ya asilimia 20, linatosha kumuua mtu mzima, na hadi leo haijapatikana dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. 2,4-D ni sumu, lakini si ya namna hiyo.

Zimewekwaje pamoja? Daraja lile limejengwa hasa juu ya namba moja iliyotoka kwa panya. Namba hiyo ni ya kweli, haikughushiwa. Tatizo ni kwamba inajibu swali dogo kuliko lile ambalo msomaji anadhani limejibiwa. Ndiyo sababu naandika ulinganisho huu. Majaribio ya wanyama yapo ya aina nyingi, kila moja lina swali lake, na anayetaka kujua kama kiuagugu fulani kitamdhuru ni lazima achague ni lipi la kulitegemea kwa hali yake.

Neno moja kabla ya kuendelea. Sisi tuna "panya" kwa wote, ila maabara hutumia wawili tofauti kabisa. Hapa yule mkubwa nitamwita panya, na mdogo nitamwita kipanya. Tofauti yao itatuhusu sana mbele.

LD50 dhidi ya majaribio mengine yote

LD50 ni dozi inayoua nusu ya wanyama waliopewa, ikihesabiwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Wazo hili lilitolewa na Mwingereza J. W. Trevan mwaka 1927, wakati wa kusawazisha nguvu za dawa za hospitali. Mnyama hulishwa kemikali mara moja, kisha huangaliwa kwa siku 14. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali. Kwenye orodha ya WHO, parakwati ina 150 na 2,4-D ina 375. Glifosati, kiuagugu kingine, ikiwa halisi, kabla haijachanganywa na chochote, kwenye majaribio mengi imevuka 4,000 au hata 5,000.

Faida ya LD50 ni kwamba inapatikana kwa karibu kila kemikali, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi. Kwa mtu anayeogopa ajali ya mara moja, mtoto kunywa au chupa kumwagika, ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini tazama ilivyokosea kwa parakwati. Mapafu huivuta sumu hii kutoka kwenye damu kwa sababu umbo la molekuli yake linafanana na la poliamini, vitu ambavyo chembe za mapafu huvihitaji na zina mlango wake maalumu. Ikishaingia inaunguza polepole, na mgonjwa anaweza kufa siku au wiki kadhaa baadaye kwa kukosa pumzi. Panya anaistahimili kuliko wengi. Simbilisi hufa kwa takriban miligramu 30 kwa kilo, nyani wa maabara kwa takriban 50. Binadamu yuko upande wa simbilisi na nyani. Kwa hiyo daraja la pili linamhusu panya zaidi kuliko linavyotuhusu sisi, na WHO yenyewe imeweka angalizo kando ya jina la parakwati kuhusu madhara yake yanayochelewa.

Mwongozo wa zamani wa LD50, namba 401 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linaloandika miongozo ya majaribio haya, uliondolewa mwaka 2002. Ulioshika nafasi yake hutumia wanyama wachache sana, watatu kwa hatua, na hutoa kiwango badala ya namba kamili. Ni afadhali kwa wanyama, na kwa msomaji hakuna kilichopotea cha maana.

Uamuzi wangu kuhusu LD50: itumie kukataa, usiitumie kukubali. Ikiwa mbaya, amini. Ikiwa nzuri, bado hujaambiwa lolote kuhusu saratani, uzazi, wala kula mabaki kidogo kidogo kwa miaka arobaini.

Siku 90 dhidi ya miaka miwili

| Jaribio | Muda | Wanyama kwa kila kundi | Swali linalojibiwa |
|---|---|---|---|
| Sumu ya mara moja | Dozi moja, siku 14 za kuangalia | Wachache, mara nyingi 3 | Itaua au kuumiza papo hapo? |
| Siku 90 | Miezi mitatu ya kulishwa | Madume 10, majike 10 | Ni kiungo gani kinaumia kwanza? |
| Saratani | Miezi 24 kwa panya, 18 kwa kipanya | Madume 50, majike 50 | Inaleta uvimbe? |
| Mimba | Kipindi cha mimba | Takriban majike 20 wenye mimba | Kijusi kinadhurika? |
| Vizazi viwili | Wazazi, watoto na wajukuu | Ya kutosha kupata takriban majike 20 wenye mimba | Uzazi na ukuaji vinaharibika? |

Jaribio la siku 90 hudharauliwa bure. Hapo ndipo utajua kama ini linavimba, kama figo zinachoka, kama damu inabadilika, na ni kwa dozi gani. Likifanywa vizuri huwa na dozi tatu na kundi linganishi ambalo halipewi kitu, na hutumika kuchagua dozi za jaribio refu. Ila miezi mitatu ni kama moja ya nane ya miaka miwili anayoishi panya wa maabara. Uvimbe hauna haraka hiyo. Mtu akikuambia kiuagugu "kimethibitishwa hakina saratani" huku mkononi ana karatasi ya siku 90, ameshika jibu la swali jingine.

Lile la miaka miwili ndilo linalogombaniwa zaidi, na hapa naomba utulie nami, kwa kuwa ugomvi wote mkubwa kuhusu glifosati umezaliwa humu.

Fikiria uvimbe ambao kwa kawaida hautokei kabisa kwenye kundi linganishi. Ukiwa na wanyama 50 huku na 50 kule, unahitaji watano au sita wenye uvimbe upande wa dozi ndipo hesabu za takwimu zikubali kwamba si bahati tu. Hiyo ni karibu mmoja katika kila kumi. Kemikali inayoleta saratani kwa mmoja katika elfu itapita kwenye jaribio hili bila kuacha alama, ilhali kwa taifa la watu milioni 50 huo ungekuwa msiba wa watu 50,000. Ndiyo maana maabara hupandisha dozi hadi karibu na kiwango ambacho mnyama anaanza kukonda: hufidia uchache wa wanyama kwa wingi wa sumu. Na hapo ndipo ubishi unapoingia, maana mtetezi wa dawa atasema hakuna binadamu anayekula kiasi kile, na anayeipinga atajibu kwamba bila kiasi kile tusingeona chochote. Wote wawili wana hoja.

Sasa punguza wanyama hadi 10 kwa 10. Unahitaji wanne au watano wenye uvimbe upande mmoja, sifuri upande mwingine. Mwaka 2012 Gilles-Éric Séralini na wenzake nchini Ufaransa walichapisha utafiti wa miaka miwili wa mahindi yaliyobadilishwa jeni na Roundup, dawa ya magugu yenye glifosati. Walitumia panya 200 wa ukoo wa Sprague-Dawley, 10 kwa kila kundi la kila jinsia, na picha za panya wenye uvimbe mkubwa zikaenea duniani kote. Panya wa ukoo huo, wakifika miaka miwili, huota uvimbe mwingi hata bila kulishwa chochote kibaya, hasa majike kwenye matiti. Kwa kundi linganishi la panya 10, huwezi kutenganisha uvimbe wa uzee na uvimbe wa dawa. Jarida liliuondoa utafiti huo Novemba 2013 likisema matokeo hayatoshi kufikia hitimisho, na mwaka 2014 ukachapishwa tena kwenye jarida jingine. Naelewa kwa nini picha zile zilitikisa watu. Lakini kati ya kundi la 10 na kundi la 50 kwa swali la saratani, chagua la 50 hata kama jibu lake halikufurahishi.

Na hata 50 wana udhaifu wao. Mwaka 1983 vipanya wa ukoo wa CD-1 walilishwa glifosati kwa dozi tatu, ya juu kabisa ikiwa asilimia 3 ya chakula chao chote. Uvimbe wa figo kwa madume ulikuwa hivi: kundi linganishi sifuri, dozi ya chini sifuri, ya kati mmoja, ya juu watatu. Mwaka 1985 EPA, shirika la mazingira la Marekani, likaiweka glifosati kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu. Kisha vipande vya figo vikaangaliwa upya, na mtaalamu mmoja akaona uvimbe kwa kipanya mmoja wa kundi linganishi. Sifuri ikawa moja. Wataalamu wengine wakabishana kama ule ulikuwa uvimbe kweli. Baada ya mapitio zaidi, mwaka 1991 EPA ikaihamishia glifosati kwenye kundi la vitu vyenye ushahidi wa kutoleta saratani. Si kipanya yule peke yake aliyeamua, lakini soma tena mfuatano ule, 0-0-1-3, kisha 1-0-1-3, uone jinsi figo moja inavyoweza kubadilisha mazungumzo.

Wasomaji wawili, vipanya walewale

Machi 2015, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka glifosati kundi la 2A: yaelekea inasababisha saratani kwa binadamu. Novemba mwaka huohuo EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ikasema haielekei kusababisha. Watu wengi wakahitimisha kwamba mmoja wao amehongwa. Mimi naona ni afadhali kutazama walivyosoma.

IARC ilichukua takwimu za vipanya na kuuliza: je, uvimbe unaongezeka kadiri dozi inavyopanda, ukitazama makundi yote kwa pamoja? Kwa figo na kwa saratani ya mishipa ya damu za vipanya dume, ikajibu ndiyo. EFSA ilitia mkazo kulinganisha kila kundi la dozi na kundi linganishi lake, ikaangalia pia kumbukumbu za makundi linganishi ya miaka ya nyuma, ikasema ongezeko liko ndani ya mipaka ya kawaida au limetokea kwa dozi kubwa mno. Tena IARC ilitegemea tafiti zilizochapishwa na taarifa zilizo wazi, na ilihesabu pia tafiti za dawa zilizokwisha kuchanganywa. EFSA ilikuwa na ripoti kamili za watengenezaji na ilipima kiambato amilifu peke yake, yaani kemikali yenyewe inayoua magugu. Juu ya yote, IARC haiulizi ni kiasi gani kinadhuru. Inauliza kama kitu kina uwezo wa kudhuru, kwa dozi yoyote.

Ukitaka kujua kama uwezo huo upo, msome IARC. Ukitaka kujua kama mabaki kwenye chakula chako ni mengi kupita kiasi, IARC haina namba ya kukupa, utamhitaji EFSA au EPA. Kwa kipimo cha mwelekeo wa dozi, mimi naegemea upande wa IARC: kanuni ya msingi ya elimu ya sumu ni kwamba dozi ikipanda athari ipande, na kuvunja makundi yawili yawili hupoteza habari hiyo. Kwa kukataa kuogopa kila dozi sawasawa, naegemea EFSA.

Sungura anayeweka kikomo cha sahani yako

Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba kikomo cha glifosati cha Ulaya kwa mlaji hakikutoka kwenye saratani. Kilitoka kwa sungura wajawazito. Dozi ya miligramu 50 kwa kilo kwa siku haikuonyesha madhara. Zaidi ya hapo sungura walianza kuathirika. Ikagawanywa kwa 100, yaani kumi kwa sababu binadamu anaweza kuwa dhaifu kuliko mnyama, na kumi nyingine kwa sababu binadamu hatulingani sisi kwa sisi. Ikapatikana miligramu 0.5 kwa kilo kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni miligramu 30 kila siku ya maisha. Mgawo huo wa 100 umetumika tangu miaka ya 1950.

Kwa hiyo, kwa mwanamke mwenye mimba au anayetarajia, jaribio la mimba na la vizazi viwili yana uzito kuliko lile la saratani, na kwa kawaida hayapati hata robo ya kelele. Historia inatuonya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jaribio la Marekani lilionyesha kwamba kiuagugu 2,4,5-T, nusu ya mchanganyiko ulionyunyiziwa misitu ya Vietnam kwa jina la Agent Orange, kilikuwa kikiharibu vijusi vya vipanya. Baadaye ikagundulika kwamba dawa iliyojaribiwa ilikuwa na dioksini, takataka ya kiwandani, takriban sehemu 30 kwa milioni. Kiasi hicho kidogo ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya sumu.

Mbwa dhidi ya panya, panya dhidi ya panya

Dioksini hiyohiyo ndiyo somo bora la kwa nini mnyama mmoja hatoshi. Simbilisi hufa kwa mikrogramu moja au mbili kwa kilo. Hamsta huhitaji zaidi ya elfu moja. Wote ni wanyama wagugunaji, tena jamaa wa mbali.

Kanuni ya kawaida ni kumfuata mnyama aliyeonyesha madhara kwa dozi ya chini kabisa. Kwa parakwati huyo ni mbwa: jaribio la mwaka mmoja lilitoa dozi salama ya miligramu 0.45 kwa kilo, na mwaka 2003 kamati ya pamoja ya WHO na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikaweka kikomo cha 0.005. Linganisha na 0.5 ya glifosati; ni mara mia chini. Namba hizi mbili zinaeleza tofauti ya dawa hizo kwa mlaji kuliko LD50 zao.

Lakini mbwa hafuatwi siku zote. Figo zake hutoa vibaya asidi za aina ya 2,4-D, hivyo sumu hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kwa panya au kwa binadamu. Hapo EPA ilimwacha mbwa, ikatumia jaribio la uzazi la panya. Nalikubali, kwa kuwa sababu ilipimwa, haikukisiwa.

Kwa atrazini, kiuagugu kingine, hoja ni ngumu zaidi. Majike wa Sprague-Dawley walipata uvimbe wa matiti mapema zaidi, majike wa ukoo wa Fischer 344 hawakupata. Uchunguzi ulionyesha kwamba atrazini huzuia wimbi la homoni linaloleta kudondoshwa kwa yai, na jike wa Sprague-Dawley akikosa wimbi hilo hubaki kwenye estrojeni, homoni ya kike, muda mrefu. Mwanamke akilikosa, mwili wake hauendi njia hiyo. Mwaka 1999 IARC ikasema njia hiyo haimhusu binadamu. Sawa kwa matiti. Ila dawa inayoweza kuzima homoni ya uzazi kwenye ubongo wa mnyama bado inanitia wasiwasi kwa sababu nyingine, na "haituhusu" lisisomwe zaidi ya lilipokusudiwa.

Kiambato peke yake, au chupa nzima?

Majaribio ya miaka miwili yanayopelekwa serikalini hufanywa kwa kiambato amilifu. Anayenyunyizia hashiki kiambato. Anashika chupa yenye viyeyusho na sabuni za kushikamanisha dawa na majani. Baadhi ya sabuni hizo, zile za aina ya POEA, ni sumu kuliko glifosati yenyewe, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye dawa za glifosati. Hivyo kwa mnyunyiziaji, jaribio fupi la bidhaa nzima kwa ngozi, macho na pumzi linafaa kuliko jaribio refu la kiambato safi kinywani. Taasisi ya Ramazzini ya Italia mwaka 2025 ilichapisha utafiti wa maisha yote wa panya walioanza kupewa glifosati tangu tumboni mwa mama, pamoja na bidhaa mbili za dukani, kwa dozi kuanzia ile 0.5 ya Ulaya, ikaripoti ongezeko la uvimbe. Wapo wanaoupinga. Muundo wake hata hivyo ndio niliokuwa nautamani kwa muda mrefu: bidhaa halisi, dozi za chini, kuanzia mimba.

Kuhusu nani kafanya jaribio, nasema kwa ufupi. Mwaka 1976 mkaguzi wa Marekani, Adrian Gross, aligundua kwamba maabara ya Industrial Bio-Test, iliyofanya majaribio mengi ya viuatilifu, ilikuwa ikibuni takwimu. Mwaka 1983 wakuu wake watatu walipatikana na hatia. Kashfa hiyo ilichangia kuzaliwa kwa kanuni za utendaji bora wa maabara, ambazo OECD ilikuwa imeshazipitisha mwaka 1981. Kanuni hizo huhakikisha kwamba kila mnyama amehesabiwa. Hazihakikishi kwamba swali lililoulizwa ndilo sahihi. Utafiti wa chuo kikuu mara nyingi huuliza swali jipya, mfano vipanya waliodungwa parakwati wakapoteza chembe za ubongo zilezile zinazokufa kwa ugonjwa wa Parkinson, lakini huwa na wanyama wachache na njia ya kuingiza sumu isiyofanana na ya kawaida. Nikiwa nazo zote mbili, ya kiwanda naiamini kwa hesabu, ya chuo naisikiliza kwa onyo.

Ukipata nafasi ya kufungua ukurasa mmoja tu wa ripoti ndefu ya kiuagugu unachotaka kukitumia, ruka muhtasari. Tafuta jedwali linaloonyesha idadi ya wanyama walioathirika kwa kila dozi, kundi linganishi likiwemo, uone kama namba zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia.